Toka M Hadi P

Kamusi yangu ina ugonjwa wa katikati.
Aliiacha mpangaji mmoja kule Shela, chini ya godoro,
akaniletea binamu yangu Mwanasiti, mfagiaji,
imefungwa kwa leso kama mkate wa mofa.
Nikaiweka kidakani. Sikujua
kwamba nyuma ya chokaa mchwa nao husoma.

Walianzia M, ukurasa wa tatu,
wakatafuna kimyakimya, wakashiba karibu na Q.
Mbele pazima, nyuma pazima.
Katikati vumbi, na vichochoro vyao vya udongo.

Mimi mshona kofia. Kila safu ya matobo, neno moja.
Nalishika midomoni pamoja na uzi,
nalilowesha, nalisokota, ndipo lipite.
Kofia ya bwana harusi wa Matondoni
ilinipa "abandansi", ikanipa "kandaa".
Ya hakimu mstaafu ilinipa "gregariasi":
nikamwita hivyo shangazi Somoe, apendaye watu,
akaniuliza kwa nini namtukana mchana.
"Ineksorabo" ilinitoa damu kidoleni, mara mbili.
"Lugubriasi" nimemwekea punda wa jirani.

Mwaka wa nne sasa. Ninayo maneno
ambayo mwalimu wangu wa darasa la tano, nilipoachia,
angevuta kiti kwanza ndipo ayasikie.
Na sina mama.
(Ninaye, yuko jikoni apepeta mchele.
Ni neno lake nisilo nalo.)
Sina usiku. Sina kitunguu.
Yatima, jirani, ndoa, rehema, vyote vimo tumboni mwa mchwa,
na bahari, ambayo naisikia toka hapa nilipokaa.
Subira pia, ile wanayonihimiza Amu nzima
tangu mume wangu aende Mombasa kununua rangi.

Najua, najua: mengine nimeyasikia kwa watoto wa shule.
Lakini neno nisiloliona kwa herufi zake
ni mgeni wa daka. Hunywa kahawa. Haingii ndani.

Mwezi wa Rajabu akaja mnunuzi, koti la kijivu,
Kiswahili hana, Kiarabu chake cha sala tu.
Akaishika kofia ya miezi mitatu,
akaipindua kana kwamba bei imeshonwa kwa ndani,
akataja fedha ya kilo nne za sukari.

Nikaitafuta hapana.
Hapana iko N.
Nikatafuta lile la kuomba radhi kwa adabu. P.
Mwanasiti akanikanyaga mguu: sema lolote!
Nikaingia kichochoro cha udongo, gizani, nikipapasa,
nikatokea ng'ambo, penye R.
"Ridikyulasi," nikasema,
silabi zote tano, kama nahesabu matobo.

Alinitazama kama mtu aliyeitikiwa salamu na ukuta.
Akacheka. Akakaa. Akalipa mara tatu,
na mkono wake, nilipouangalia, ulitetemeka kidogo.
Nikafuta deni la sukari kwa Bwanaheri,
nikabakiwa na ya kalamu.

Shee, mwana wa dada yangu, ataka kunipa simu
yenye kamusi nzima, kila herufi.
Nimemwambia alete karatasi.
Nazikata kwa kipimo, nazitia palipo tundu
kwa uzi ule ule wa kofia, mshono mmoja mmoja.
Nauliza watu, wananiandikia. Nesi kanipa mawili.
Kitunguu nimekipata sokoni kwa mwanafunzi wa likizo,
neno bure, na kitunguu chenyewe juu yake.
Hapana nimeiandika mwenyewe, kwa wino mwekundu,
kubwa, ikamwagikia mistari ya jirani yake.
Subira alitaka kuniandikia wifi yangu; nikaificha kalamu.
Maumivu bado sijauliza.
Nimeyaachia nafasi, mistari miwili.

Jana nimepaka mafuta ya taa kidakani.